Diwani wetu anatoa taarifa kwenye kundi la simu pekee: je, inatosha, na wananchi tuombe nini zaidi?

Mkazi wa Pembezoni

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaoufahamu utendaji wa Serikali za Mitaa, hasa wale waliowahi kuwatumikia wananchi katika mkoa wetu huu wa Dodoma na mikoa jirani. Ninaishi katika kata mojawapo ya pembezoni mwa Jiji, upande ambao si muda mrefu uliopita ulikuwa mashamba ya uwele na mtama, na ambao sasa umejaa misingi ya nyumba na marundo ya mchanga. Mtaa wetu una watu wa aina mbili wanaoishi pamoja bila kufahamiana sana. Wapo wenyeji, ambao wengi ni wakulima na wafugaji, na baadhi ya wazee wao huongea Kigogo kwa wepesi zaidi kuliko Kiswahili. Wapo pia wahamiaji, wengi wao watumishi waliokuja baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ambao huondoka alfajiri kwenda Mtumba, uliko Mji wa Serikali, au mjini na kurejea giza likiwa limeshaingia.

Diwani wetu si mtu wa kujificha, na ningependa hilo lieleweke tangu mwanzo. Alipoanza kazi alifungua kundi la WhatsApp la kata, na humo hutangaza kukatika kwa maji, siku za chanjo ya watoto, zamu za usafi na misiba. Ukimwuliza swali hujibu, wakati mwingine usiku wa manane. Tatizo ni kwamba kundi hilo limekuwa ndiyo njia pekee, na tena hubeba matangazo tu, wala si maamuzi. Hivi karibuni eneo la wazi ambalo watoto wetu walizoea kuchezea mpira lilipimwa na kuwekwa bikoni, yaani alama za mipaka, kwa matumizi mengine. Sisi tuliomo kwenye kundi tulipata ujumbe mfupi jioni ya siku hiyo hiyo, ilhali wazee wanaopakana na eneo lile walijua walipowaona wapimaji wakishusha vifaa vyao kwenye gari. Huenda matumizi hayo mapya yana manufaa kwa wote, nami siyapingi. Ninachouliza ni kwa nini hatukuelezwa kabla.

Maswali yangu ni haya. Je, sheria inamlazimisha diwani kutupa taarifa, au tunategemea hisani yake? Kama ni wajibu, ni taarifa zipi hasa? Na je, tunawezaje kuomba utaratibu ulio bora bila kuonekana kwamba tunamchimba au tunaandaa mgombea mwingine? Hilo la mwisho linawatia hofu wengi katika mtaa wetu, na ndilo linalowafanya wanyamaze.

Mtendaji Mstaafu

Ndugu Mkazi, swali lako ni la msingi, nami nitalijibu kwa kirefu kwa sababu sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika ofisi za kata, wilayani Kongwa na baadaye Mpwapwa.

Ni wajibu, si hisani. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya mwaka 1977 ndizo zinazoweka msingi wa kuwapo kwa serikali za mitaa, na Ibara ya 146 inasema wazi kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri zenyewe zinaongozwa na sheria mbili za mwaka 1982, yaani Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa mamlaka za miji, ambayo ndiyo inayolihusu Jiji lenu. Sheria hizo, pamoja na marekebisho yake, zinamtaka diwani awe karibu na wananchi wa kata yake, ashauriane nao kuhusu mambo yatakayojadiliwa katika halmashauri, afikishe maoni yao kwenye vikao, kisha awarudishie taarifa ya maamuzi yaliyofikiwa na hatua zilizochukuliwa. Tazama mpangilio wake: kushauriana kunatangulia, taarifa inafuata. Diwani anayetangaza jambo likiwa limekwisha kuamuliwa ametekeleza nusu ya pili tu ya wajibu wake, na kwa maoni yangu nusu ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo wananchi wengi hawalijui, nalo ni kwamba taarifa mnayoitafuta tayari imeandikwa. Kila kata ina Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo Diwani ndiye mwenyekiti wake, Mtendaji wa Kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa au wa vijiji ni wajumbe. Baraza la Madiwani hukutana katika mkutano wa kawaida kila robo ya mwaka wa fedha, ambao huanza Julai, na kwa desturi sehemu ya mkutano huo hutengwa kwa ajili ya kupokea taarifa za utekelezaji kutoka katika kata. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu ipo karatasi inayosema shule ya kata ina upungufu wa matundu mangapi ya vyoo, zahanati imefikia hatua gani ya ujenzi, fedha gani zimepokelewa na zimetumikaje, na ni migogoro gani ya ardhi ambayo haijamalizika. Karatasi hiyo huandaliwa na ofisi ya kata, husomwa mjini mbele ya Mstahiki Meya na wakuu wa idara, kisha huwekwa kwenye jalada. Watu inayowahusu hawaisikii kamwe.

Ombi lenu la kwanza, basi, liwe dogo na lisilogharimu fedha: taarifa ile ile iliyosomwa barazani isomwe pia katika mikutano ya mitaa, na nakala yake ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata na za ofisi za mitaa. Hakuna diwani mwenye nia njema atakayekataa, kwa kuwa humuombi aandike kitu kipya wala humtuhumu kwa lolote. Na ikiwa taarifa iliyosomwa mjini ina jambo ambalo wananchi wanaona si sahihi, kwa mfano mradi ulioandikwa kuwa umekamilika wakati kuta bado hazijapigwa lipu, kusomwa kwake hadharani ndiko kutakakolisahihisha.

Mjue pia kwamba mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa wananchi na kwa waandishi wa habari, tofauti na vikao vya kamati zake za kudumu, kama ile ya fedha na uongozi, ambavyo si vya watu wote. Mnaweza kuwatuma watu wawili au watatu wakakae, wasikilize kimya kwa kufuata taratibu za ukumbi, na kurudi mtaani wakiwa wamesikia wenyewe.

Kuhusu hofu ya kuonekana wapinzani, nashauri maombi yapitie kwa mwenyekiti wa mtaa na yaandikwe katika muhtasari wa mkutano wa wakazi. Jambo likishaingia kwenye muhtasari linakuwa la mtaa mzima, na hakuna anayeweza kulibandika jina la mtu. Nawaomba vilevile msitumie mabalozi wa nyumba kumi kuwa njia rasmi ya kufikisha taarifa za kata. Mabalozi ni viongozi wa chama cha siasa, na mwananchi asiye wa chama hicho ana haki ile ile ya kujua zahanati yake inajengwa wapi.

Mtumishi wa Mtumba

Mzee wangu Mtendaji Mstaafu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako kwa makini na nimejifunza mengi, lakini naomba nitoe angalizo kwa niaba ya sisi tuliohamia.

Mikutano ya mitaa katika eneo letu huitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati ambao mtumishi wa umma hawezi kutoka ofisini. Matokeo yake wahamiaji tunaonekana watu wenye dharau, tusiojali mambo ya mtaa, kumbe hatukupewa nafasi. Kwetu sisi kundi la simu ndilo dirisha pekee, na ningesikitika kama mjadala huu ungeishia kulidharau. Diwani anayejibu ujumbe usiku anastahili shukrani, kwa sababu kazi ya udiwani haina ofisi kubwa wala wasaidizi, na posho yake ya mwezi hailingani na simu anazopigiwa.

Hata hivyo nakubali kwamba kundi haliwezi kutosha, na hesabu yake ni rahisi. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Jiji la Dodoma lina watu 765,179, kutoka 410,956 katika sensa ya mwaka 2012. Jiji lina kata 41, kwa hiyo kwa wastani kila kata ina watu zaidi ya 18,000. Kundi moja la WhatsApp halipokei zaidi ya watu 1,024. Hata likijaa kabisa, na hata kama kila mwanachama ni mkuu wa kaya, bado kaya nyingi zitakuwa nje, na zitakazokuwa nje ni zile zisizo na simu janja au zisizomudu bando, ambazo mara nyingi ndizo zinazozihitaji zaidi taarifa za misaada na huduma.

Pendekezo langu ni kwamba mikutano ifanyike Jumamosi au Jumapili alasiri, baada ya ibada, na kwamba muhtasari wa mkutano upigwe picha na kuwekwa kwenye kundi siku inayofuata. Lakini majina ya watu yaangaliwe. Katika kundi letu iliwahi kuwekwa orodha ya kaya zinazonufaika na mpango wa kunusuru kaya maskini, ikiwa na majina kamili na namba za simu. Jambo hilo liliwadhalilisha watu, na linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni haki yetu kujua fedha zimekuja kiasi gani na vigezo ni vipi, lakini umaskini wa jirani yangu si tangazo.

Katibu wa Kikundi

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kinachokamua mafuta ya alizeti na kuyafungasha. Nitasema kuhusu jambo moja tu, kwa sababu ndilo ninalolifahamu vizuri.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi chote cha katikati, wanawake wa mtaa wetu waliendelea kwenda ofisi ya kata kuulizia fomu, na kila mmoja alirudi na maelezo yake. Mmoja aliambiwa mikopo imefutwa moja kwa moja, mwingine aliambiwa asubiri uchaguzi, mwingine aliambiwa fedha zimekwisha. Hakuna aliyesimama mbele ya watu na kusema kwa sauti moja kwamba mikopo imesitishwa na Serikali nchi nzima, sababu ni hizi, na itakaporejea mtatangaziwa hapa. Sentensi hizo chache zingewazuia watu wenye maneno matamu waliopita mitaani wakichukua fedha za wanawake kwa ahadi ya kuwaharakishia maombi.

Utaratibu uliporejea, sisi tulisikia kutoka kwa kikundi cha kata nyingine, tulipokutana nao kwenye maonesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Wakati tunahangaika kurekebisha katiba ya kikundi, usajili na akaunti ya benki, wenzetu walikuwa wameshakaguliwa na Afisa Maendeleo ya Jamii. Taarifa ya namna hiyo ni mvua inayonyesha mtama ukiwa umekwisha kunyauka.

Kwa hiyo, Kaka Mkazi wa Pembezoni, mtakapokutana na Diwani wenu, msiishie kumwomba awaambie yaliyotokea. Mwombeni awaambie yanayokuja: dirisha la maombi linafunguliwa lini, linafungwa lini, nyaraka zipi zinatakiwa, na ni afisa gani anayehusika. Na tangazo hilo lifike mahali wanawake walipo. Katika mtaa wetu wanawake wengi hawaendi mkutanoni kwa sababu mkutano huitishwa saa ya kuchota maji au ya kupika, lakini kila mmoja atapita kliniki ya watoto, kisimani, gengeni au kwenye kikao cha VIKOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye ukuta wa kliniki litasomwa na mama mmoja na litasikiwa na wengine wote waliopo kwenye foleni.

Diwani wa Zamani

Nawasalimu nyote. Niliwahi kuwa diwani wa kata ya vijijini wilayani Bahi, na nimeguswa na mjadala huu kwa sababu unaendeshwa kwa heshima. Naomba niwaeleze jambo hili kutoka upande wa anayeulizwa.

Ugumu mkubwa wa diwani ni kwamba mwananchi humhesabu kuwa ndiye Serikali yote. Barabara ikikatika wakati wa masika, analaumiwa diwani, ilhali barabara za vijijini na mijini zipo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS. Maji yakikatika mjini, mwenye majibu ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na chombo cha watumia maji cha eneo husika. Mwalimu akihamishwa, hilo linaamuliwa na waajiri wake. Diwani hana gari la kushindilia kokoto wala hasaini hundi, na Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri. Alicho nacho diwani ni sauti katika kikao, kura yake, na haki ya kuuliza na kujibiwa. Sasa, diwani asipowaeleza wananchi mgawanyo huu, hubaki akijificha au akiahidi mambo asiyo na uwezo nayo, na yote mawili humharibia. Niliona kwamba siku ya kwanza niliyosimama na kusema “hili si langu, ni la TARURA, nimeandika barua tarehe fulani, nakala hii hapa, na jibu bado halijaja”, watu hawakunikasirikia. Walitaka kujua jibu litakuja lini, nasi tukapanga namna ya kufuatilia pamoja.

Kutokana na hilo nilijizoesha kwamba kila jambo ninalolieleza liwe na mambo manne ndani yake, yaani kilichoamuliwa au kinachopendekezwa, fedha zake ni kiasi gani na zinatoka wapi, nani anayewajibika, na tutarudi lini kulizungumza tena. Hilo la mwisho ndilo viongozi wengi hulisahau. Mkutano unaoisha bila kutajwa siku ya kurudi huacha watu wakijitungia majibu, na katika masuala ya ardhi majibu ya kujitungia ni hatari sana. Mnakumbuka hali ilivyokuwa baada ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyokuwa ikisimamia ardhi mjini Dodoma, kuvunjwa mwezi Mei mwaka 2017 na majukumu yake kukabidhiwa kwa halmashauri. Kila aliyekuwa na karatasi ya zamani alikuwa na swali, na pale ambapo hapakuwa na kiongozi wa kueleza, madalali walieleza kwa namna iliyowafaa wao. Mtu akiona alama ya X, ile ya kubomolewa, imepakwa kwenye ukuta wa jirani yake, usiku huo halali. Kama diwani ana taarifa yoyote ya upimaji, ya fidia au ya mpango wa matumizi ya ardhi, asisubiri ikamilike. Aseme anachokijua, na aseme kuwa mengine bado hayajaamuliwa.

Kuhusu eneo la wazi alilolitaja Ndugu Mkazi, nashauri suala hilo liulizwe kwa njia ya pekee na kwa haraka. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kuandaa na kubadilisha mipango, na wananchi wa eneo husika wana nafasi ndani ya utaratibu huo. Swali la kwanza liwe: mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo unasema nini, na kama umebadilishwa, ni kikao gani kilichobadilisha? Idara ya mipangomiji ya halmashauri inao mchoro huo, na mwenyekiti wenu wa mtaa anaweza kuuomba kwa barua.

Nimalizie na suala la mahali na majira. Katika kata yangu mkutano ulioitishwa kati ya Desemba na Machi ulikuwa wa viti vitupu, kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja na kila mwenye jembe yupo shambani. Mambo mazito tuliyapeleka baada ya mavuno, na katika miezi ya kilimo nilikwenda mnadani. Kwenye mnada hukutana mfugaji, mkulima, mama lishe na kijana wa bodaboda, na ukiomba dakika chache kwa msimamizi ukatumia kipaza sauti chake, ujumbe unafika vitongoji ambavyo gari haliingii. Ninyi wa upande wa kaskazini mwa Jiji mnao mnada wa Msalato. Penye wazee, nilimwomba kijana wa hapo hapo arudie maneno yangu kwa Kigogo, na maswali yaliyotoka baada ya hapo yalikuwa ya kina kuliko yote niliyowahi kuulizwa, hasa kuhusu njia za mifugo na vyanzo vya maji, mambo ambayo wataalamu waliyapita haraka kwenye michoro yao.

Mkazi wa Pembezoni

Nawashukuru sana wazee wangu, Dada Katibu na ndugu yangu wa Mtumba. Nimechapisha majibu yenu na nimemsomea mwenyekiti wetu wa mtaa, naye ameyapokea vizuri. Ameahidi kuitisha mkutano siku ya Jumapili alasiri ili na watumishi wahudhurie, na ajenda ya taarifa ya kata itaingizwa.

Limebaki swali moja. Mwenyekiti anasema aliwahi kuuliza kwa mdomo kuhusu fedha zilizopokelewa kwa ajili ya ukarabati wa madarasa, akaambiwa kwamba hizo ni nyaraka za Serikali na si za kila mtu. Tukijibiwa hivyo tena, tufanye nini?

Mtendaji Mstaafu

Ndugu Mkazi, jibu hilo nalifahamu, na mara nyingi hutolewa na mtu asiyejua sheria, wala si lazima awe na la kuficha. Msiligeuze kuwa ugomvi.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inayoeleza namna ya kuitumia haki hiyo. Mwombaji, ambaye lazima awe raia wa Tanzania, huandika ombi kwa taasisi yenye taarifa, akieleza jina lake, anwani yake na taarifa anayoihitaji kwa ufafanuzi wa kutosha. Asiyeweza kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa akaliweka ombi lake katika maandishi. Taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30, na ikikataa itoe sababu, na mwombaji anaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Zipo taarifa zilizozuiliwa, kama zile za usalama wa taifa au za faragha ya mtu, lakini kiasi cha fedha kilichopokelewa kukarabati madarasa ya watoto wenu hakimo katika kundi hilo.

Barua iwe fupi. Msiombe “taarifa zote za miradi”, kwa maana ombi pana huchelewesha jibu na humpa mhusika sababu ya kusema halieleweki. Ombeni kiasi kilichopokelewa, tarehe ya kupokelewa, shule iliyopewa, na muhtasari wa matumizi hadi siku ya barua. Ielekezwe kwa Mkurugenzi wa Jiji, ipitie kwa Mtendaji wa Kata, na nakala apewe Diwani. Hakikisheni nakala mtakayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kwani hesabu ya siku 30 inaanzia hapo. Na kabla ya kuipeleka, mwonesheni Diwani. Diwani aliye upande wenu ataitumia barua hiyo kuuliza swali barazani, na swali la diwani likiungwa mkono na barua ya mtaa hujibiwa kwa uzito mwingine.

Mkazi wa Pembezoni

Asante, mzee wangu. Tumekubaliana na mwenyekiti kuwa barua itaandikwa baada ya mkutano, ili iwe na idhini ya wakazi, na kwamba Jumapili hiyo tutamwomba Mheshimiwa Diwani mambo matatu tu kwa sasa: asome taarifa ya kata ya robo iliyopita, atueleze mchoro wa eneo la wazi unasema nini, na atutajie tarehe ambayo atarudi. Kijana mmoja wa hapa mtaani amekubali kutafsiri kwa Kigogo, na Dada Katibu, tangazo la mkutano tumelibandika kliniki.